Alama za Vidole Kwenye Masizi

Kitalu changu cha miche kiko Pasua, kando ya barabara, na watu wengi hunijua kwa miche ya parachichi. Lakini kazi niliyoipenda zaidi tangu mwanzo ni maua, na ndani ya maua kazi ya kuyatibu. Mtu akija na jani lililojikunja ndani ya mfuko, namwacha mteja wa parachichi anisubiri.

Mimi si mtu wa mlimani. Nilizaliwa chini kule kwenye mashamba ya miwa, baba yangu alitoka Singida kuja kukata miwa, na Kichagga changu kinatosha kusalimia na kukataa kata ya pili ya mbege, ile pombe ya ndizi, basi. Nalisema hili mapema kwa sababu katika habari hii kuna mambo ambayo mwenyeji pengine angeyaona kabla yangu.

Nilipigiwa simu mwezi wa nane, wakati wa baridi, na mwanamke anayefanya kazi Dar es Salaam. Alisema baba yake alifariki mwaka uliotangulia. Mzee huyo alikuwa mtunza bustani wa hoteli huko Marangu kwa karibu maisha yake yote, na kila ua alilolipenda kazini alikata kitawi akaenda kukipanda nyumbani. Sasa mama alikuwa anaishi peke yake, na ile bustani ilikuwa inakufa.

"Majani yamekuwa meusi, dada," alisema. "Meusi kama yamepitiwa na moto, na moto hakuna. Majirani wameanza kusema maneno yao. Na mama mwenyewe hataki mtu ayaguse. Naomba uende, umwambie mimi ndiye niliyekutuma."

Alinitumia picha tatu. Niliziangalia nikajua ni nini, nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilibeba bomba langu la mgongoni la kunyunyizia dawa, mche mmoja wa sabuni ya kufulia, chupa ya mafuta ya mwarobaini, mikasi na kopo la grisi, nikapanda gari hadi Himo na kutoka hapo nikachukua bodaboda kupandisha mlima.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndani ya kihamba, yaani lile shamba la ukoo ambamo migomba, kahawa, ng'ombe, nyumba na makaburi vinakaa pamoja. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Mwenye bodaboda aliniacha njia panda, akasema njia ya ndani inateleza. Njia ilikuwa kavu.

Nilisikia bustani kabla sijaiona. Ilikuwa inavuma. Nyuki na nyigu walikuwa wengi mno ndani ya vichaka, na nilipokaribia nikaona hapakuwa na ua hata moja lililochanua isipokuwa gadenia chache, nyeupe pee, zimekaa juu ya majani meusi kama sahani juu ya makaa. Kichaka baada ya kichaka, haibiskasi, krotoni, gadenia, vyote vilikuwa vimepakwa weusi. Chini ya gadenia kubwa kulikuwa na benchi la mbao. Nililigusa, mkono ukanata. Nilipoinua uso nilihisi vitone vidogo vidogo vikinidondokea kwenye paji la uso, vidogo kuliko manyunyu, na nilipolamba mdomo vilikuwa vitamu.

Najua kinachofanya hivyo. Nimekieleza mara nyingi. Hata hivyo siku ile nilijifuta uso kwa haraka, nikatazama nyuma yangu.

Mama alikuwa amesimama barazani akiniangalia. Alikuwa mwembamba, amejifunga kanga mbili juu ya sweta, umri wake ukikaribia miaka sabini na tano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa dawa."

"Ndiyo, mama. Dada wa Dar es Salaam amenituma."

"Amenipigia. Nilimwambia asikusumbue." Alisema hivyo bila ukali, akaingia ndani kuniletea chai.

Baada ya chai nilimwomba anifuate bustanini nimwonyeshe. Nilivunja tawi la gadenia, nikaligeuza. Upande wa chini, kwenye mishipa ya jani na kwenye gome, kulikuwa na vipele vya kahawia, kila kimoja kama nusu ya punje ya dengu. Ukivitazama utadhani ni sehemu ya mti. Sisi tunawaita wadudu magamba. Wanachomeka mdomo kwenye mti wakiwa wachanga, na wale majike wakishakua hawahami tena. Wananyonya maji ya mti usiku na mchana, na yanayowazidi wanayatoa yakiwa matamu. Utamu ule ukidondokea majani ya chini, kuvu nyeusi huota juu yake. Ndiyo yale masizi. Hayali jani, ila hulizibia jua.

"Na hawa?" aliuliza, akionyesha msururu wa sisimizi uliokuwa ukipanda na kushuka shinani.

"Hawa ndio wachungaji wao. Wanakula ule utamu. Akija mdudu wa kuwala magamba, sisimizi wanamfukuza."

Nilikibandua kipele kimoja kwa kucha. Chini yake kulikuwa na vumbi jeupe, kama unga uliomwagika kidogo.

"Mayai," nikasema. "Mama yao anataga, halafu anakufa hapohapo juu yake. Gamba lake linabaki kuwa paa mpaka watoto watoke."

Alilichukua lile jani akalisogeza karibu na macho. Alikaa nalo muda mrefu.

"Kwa hiyo huyu ameshakufa," alisema, "na bado amewakalia."

"Ndiyo, mama."

Alinirudishia jani, akaniambia nifanye ninavyojua, lakini kuna mstari mmoja nisiuguse. Akanipeleka kuuona. Ulikuwa uzio wa haibiskasi uliotoka upande wa chini wa kihamba, ukavuka mfereji wa maji, ukapita nyuma ya jiko na kuishia kwenye kaburi la mumewe, lililozungukwa na masale, mimea ambayo wenyeji hupanda makaburini. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hakikuwemo kwenye picha.

Uzio wote ulikuwa mweusi, ila kwa kimo cha kifua majani yalikuwa yamefutwa. Mstari wa kijani ulikwenda nao urefu wote, tangu mferejini hadi kaburini. Nilisogea. Juu ya majani mapana niliona alama za vidole, vinne pamoja, zimeburuzwa. Kwenye majani mengine kulikuwa na alama ya kidole gumba peke yake, wazi kabisa, na mistari yake yote. Umande ulikuwa bado umo ndani ya alama hizo.

"Nani anapita hapa, mama?"

"Hapiti mtu. Geti ninalifunga mwenyewe, na mimi huku siji kabla jua halijatoka." Alitazama kaburi. "Yeye ndiye alikuwa na tabia hiyo. Akiamka asubuhi, kabla ya chai, anapita hapa anagusagusa majani yake mpaka mwisho. Miaka arobaini. Weusi ulipoingia, mwezi wa tano, ndipo nikaanza kuona alama. Nikaelewa kwamba hajaacha. Ni vile tu zamani majani yalikuwa safi, sikuweza kuona."

Alizungumza kwa utulivu, kama anayenieleza ratiba ya maji. Nilitaka kusema ni mtu, ni lazima awe mtu.

"Ukiyaosha," alisema, "sitamwona tena."

Mchana huo nilianza kazi upande wa mbele. Nilikata matawi yaliyosongamana na yaliyooza kwa magamba, nikayachoma kwenye shimo. Nilikwangua sabuni, nikaiyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, nikatia mafuta ya mwarobaini, nikanyunyiza kuanzia chini ya majani, kwa sababu ukinyunyiza juu tu umeuogesha mti, mdudu humkuti. Kila shina nililizungushia kitambaa na kukipaka grisi ili sisimizi wasipande. Na muda wote huo nilijua ninafanya kazi ya bure. Mstari mmoja ukiachwa ukiwa na wadudu, baada ya mwezi wangerudi bustani nzima.

Kulikuwa na tatizo lingine. Uzio ule ulianzia kwenye kiwanja cha chini, nyumba ya wifi yake, dada wa marehemu. Huyo aliachika zamani akarudi nyumbani, na baba yao akamkatia kipande. Mama aliponitajia alisema tu, "Kule sisi hatuendi." Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia akiwa anachochea moto bila kuinua kichwa. Siku ya mazishi, mbele ya mchungaji na waombolezaji wote, wifi alisema kama mama angemwahisha hospitali, kaka yake angekuwa hai. Tangu siku ile hawakusemeshana. Wifi alidai haya masizi ni mkono wa Mungu. Mama alidai kama kuna mkono, ni wa wifi.

Nilikwenda alasiri kuomba ruhusa ya kutibu upande wake. Nilimkuta amekaa mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Nilisimama hatua tano mbele yake na hakuinua uso mpaka nilipotoa shikamoo, ndipo akageukia sauti.

"Marahaba. Nani?"

Nilijitambulisha. Aliniruhusu mara moja, tena alishukuru. Nilitazama nyumba yake. Kila kitu kilikuwa kimepangwa kwa mstari, ndoo, kata, kinu, viatu. Vidole vyake vilivyokuwa vinapekua maharage vilikuwa vyeusi kwenye ncha.

"Ni masizi ya sufuria," alisema, ingawa sikuwa nimeuliza. Nadhani nilikuwa nimenyamaza muda mrefu mno.

Nililala kwa mama kwa sababu kazi ilikuwa ya siku mbili. Kulipopambazuka nilitoka nje kuchota maji ya dawa. Ukungu ulikuwa mzito kiasi cha kutoona jiko kutoka mlangoni. Nilikuwa nimeshika ndoo nyuma ya jiko nilipousikia uzio. Ni sauti ndogo, ya majani kuburuzwa na kuachiwa, kuburuzwa na kuachiwa. Ilikuwa inakuja kutoka upande wa mfereji.

Halafu nikauona mkono. Ulitokeza kwenye ukungu peke yake, umenyooka, vidole vimetanuliwa, ukipita juu ya majani na kukaza kidogo kila baada ya hatua moja. Nyuma yake sikuona mtu. Sikupiga kelele. Ndoo ilinitoka, maji yakamwagika miguuni, na mkono ukasimama.

"Nani hapo?" sauti ikauliza, kwa hofu kubwa kuliko yangu.

Alikuwa wifi.

Nilimsogelea. Macho yake yalikuwa wazi, yakitazama pembeni ya bega langu. Nilipitisha mkono mbele ya uso wake na hakupepesa. Mama wa watu alikuwa haoni.

"Ni mimi, mama. Wa dawa."

Alinishika mkono kwa nguvu. Tulikwenda pamoja mpaka kaburini, akajiegemeza kwenye msalaba wa saruji, akaniambia kwa kunong'ona. Jicho moja lilikuwa limekwisha kabla ya msiba. Lile la pili lilikuwa linafifia tangu Krismasi, na kufikia mwezi wa tano akawa anaona mwanga na giza tu. Hakuwa amemwambia mtu. Mwanawe yuko Arusha, na akijua atakuja kumchukua siku hiyohiyo, akamweke kwenye chumba cha ghorofani asikojua hata mlango wa choo uko wapi. Hapa kila kitu anakijua. Na asipoanza siku yake kwa kaka yake, alisema, hajui siku imeanza.

"Napita kabla yule hajaamka. Uzio huu kaka aliupanda mwenyewe mpaka kwangu, ndio unaonileta. Pale mferejini kuna gogo la kuvukia, na matawi ya pande zote mbili yameshikana juu yake, najishikilia. Usiniseme, mwanangu. Nakuomba."

Nilimwahidi. Ningefanya nini? Nilimsindikiza hadi kwenye gogo, na kwenye ukungu ule niliona mikono yake ikikamata matawi moja baada ya jingine kama anayepanda ngazi iliyolala.

Nilirudi nikakaa jikoni. Nilikuwa nimebeba siri mbili zinazoangaliana. Nikimwambia mama ukweli, namwondolea mume na kumkabidhi adui. Nikinyamaza, bustani inakufa, na uzio wenyewe ukifa, yule wa chini hana njia. Mama alipokuja kuwasha moto nilimwambia hivi:

"Mama, ule mstari usipotibiwa utakauka. Na ukikauka, mzee hatakuwa na pa kupita."

Alitafakari akiwa ameshika kijinga cha moto.

"Basi osha," alisema. "Njia anaijua."

Nilitumia imani yake kama ufunguo. Nilijua ninachofanya, na niliendelea.

Siku nzima nilifanya kazi kwenye uzio ule. Nilinyunyiza, nikasubiri, nikasugua majani kwa kitambaa chenye sabuni. Masizi yalikuwa yakibanduka vipande vipande kama karatasi iliyoungua, na chini yake jani lilikuwa zima, limepauka tu. Zile alama zilikwenda na maji. Jioni nilifika mferejini. Pale juu ya gogo matawi ya pande mbili yalikuwa yameshikana, na juu yake sisimizi walikuwa wanavuka kwa mamia, magamba yamejaa mpaka gome halionekani. Hilo ndilo lilikuwa daraja lao. Mtu yeyote wa kazi yangu angejua cha kufanya. Niliyakata pande zote mbili, nikaacha nafasi ya mita moja na nusu, nikafunga vitambaa vya grisi, nikafurahi.

Naomba nieleweke. Asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimeona mikono ya yule mama kwenye matawi yaleyale. Aliniambia kwa mdomo wake. Jioni, kwa uchovu na kwa raha ya kumaliza, niliona sisimizi tu.

Nililikumbuka nikiwa Pasua, siku ya tatu, nikimwagilia miche. Lilinijia ghafla, nikaacha mpira wa maji unamwaga. Wifi sikuwa na namba yake. Mama nilikuwa nayo, lakini kumpigia kungekuwa kuvunja ahadi. Nilijiambia kwamba mtu aliyeishi pale maisha yote ataligundua pengo kwa mkono kabla ya mguu. Nilijiambia hivyo kila siku, mpaka siku ya kumi nilipopaswa kurudi kunyunyiza mara ya pili, maana dawa ya sabuni haiingii chini ya gamba, na watoto wanaototolewa baadaye lazima uwakute njiani.

Nilifika asubuhi. Bustani ilikuwa kimya. Hakuna nyuki, hakuna nyigu. Majani machanga, ya kijani cha ndimu, yalikuwa yameanza kutoka kwenye haibiskasi. Na barazani walikuwa wamekaa wanawake wawili, kiti kwa kiti, blanketi moja miguuni. Mguu wa wifi ulikuwa umefungwa bendeji kutoka kifundoni hadi gotini.

Nilisimama na bomba langu mgongoni.

"Karibu," mama alisema. "Kaa. Uso wako unasema unajua."

Alinieleza yeye mwenyewe. Ilikuwa juzi, alfajiri, ukungu umeziba kila kitu. Alikuwa kitandani yuko macho. Akasikia anaitwa. Aliitwa kwa jina ambalo wazazi wake hawakulijua, ambalo watoto wake hawalijui, jina alilopewa na mumewe mwaka wa kwanza wa ndoa na ambalo alilitumia wakiwa wawili tu. Liliitwa mara mbili, kutoka upande wa mfereji, bila haraka, kama mtu anayetaka aletewe kitu. Alitoka bila viatu. Aliushika uzio akaufuata, akiitikia njia nzima.

"Nilifika pale kwenye gogo, nikamwona huyu ndani ya maji, mpaka kiunoni, amekumbatia jiwe." Alimgusa wifi begani. "Sitakudanganya. Nilisimama. Nilimwangalia kwa muda, naye hakujua kama niko pale. Alikuwa anatafuta ukingo kwa mkono, mkono unapita kwenye hewa, unapita kwenye hewa. Ndipo nikauona vile unavyokwenda, nikajua alama zile zilikuwa za nani."

"Halafu akaingia," wifi alisema. "Na baridi ile."

"Ningefanyaje?"

Waliangua kicheko kidogo, cha watu waliokwishalia. Mama alisema alimlaza kitandani kwake, akamwita nesi wa zahanati, na mfupa haukuvunjika. Siku zote zilizotangulia wifi alikuwa amevuka akitambaa juu ya gogo, mpaka asubuhi hiyo lilipoteleza. Alisema sauti za wale ndugu wawili zilifanana tangu utoto, hata kwenye kwaya ya kanisani wifi alikuwa akiimba sauti ya wanaume, kwa hiyo alipoitwa alidhani ni mumewe kumbe ni wifi yake anaomba msaada, na jina huenda kaka yake alimtajia.

Niliwaambia yote. Kwamba nilijua, kwamba niliahidi, kwamba ni mikasi yangu. Nilimwambia mama na lile la kumdanganya kuhusu mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kikombe.

"Hilo la mwisho ungelibakiza," alisema. Kisha akainuka kwenda jikoni kutazama maziwa.

Hapo wifi alinivuta kwa mkono wa shati, akanisogeza hadi sikio langu likawa karibu na mdomo wake.

"Mimi sikuita," alisema.

"Unasema nini, mama?"

"Nilipoanguka nilijua nikipiga kelele atatoka, na akitoka ataniona nilivyo. Nilisokomeza kanga mdomoni, nikauma. Mpaka ananishika bega nilikuwa bado nimeiuma. Yeye ndiye aliyeitoa." Alipumua. "Na hilo jina analosema, mimi silijui. Hajanitajia mpaka sasa. Umwambie nini mtu kama huyu? Amekwisha kusema nilimwita."

Mama alirudi na sufuria ya maziwa, nikakaa sawa. Wifi akauliza kama maziwa yamechemka, akajibiwa yamechemka.

Nilinyunyiza uzio siku ile kuanzia kaburini kwenda chini. Watoto wa magamba waliokuwa wanatambaa walikuwa wachache, na juu ya gadenia niliona vidudu vyekundu vyenye madoa, walaji wao, wamesharudi kwa kuwa sisimizi hawapo. Nilipofika mferejini nilifunga kamba nene ya katani kutoka upande mmoja hadi mwingine, juu ya gogo, nikaikaza kwa mafundo mawili. Maji yalikuwa yanapita taratibu. Niliipa nyumba mgongo, na niligeuka mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

Mwana wa wifi, yule wa Arusha, alikuja, akampeleka mama yake hospitali mjini. Daktari alisema ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi. Kijana alitaka kuondoka naye. Mama ndiye aliyekataa, akasema huyu ni wa hapa, na akahamishia kitanda cha wifi kwenye chumba cha mbele. Asubuhi wanakwenda kaburini wote wawili, mmoja ameshika uzio, mwingine amemshika mwenzake.

Sijamwambia mama alichoniambia wifi, na sijui kama wifi amewahi kumwambia. Nimelifikiria mara nyingi nikiwa natia udongo kwenye mifuko ya miche. Mtu aliye macho alfajiri, mwenye huzuni, anaweza kusikia jina lake popote. Najua hivyo. Najua pia kwamba kutoka chumbani kwake hadi mferejini ni mbali, na kwamba maji yale yalikuwa ya baridi sana.

Nilipopanda tena mlimani mwezi wa kumi na mbili niliwakuta wanamenya ndizi za supu ya mtori, wanabishana kuhusu chumvi. Haibiskasi zilikuwa zimechanua, nyekundu na za rangi ya chungwa. Nilikagua majani upande wa chini, nikakuta magamba matatu tu, nikayabandua kwa kucha. Walitaka nibaki nile. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka msituni, nikawaambia nina mteja mjini, nikaondoka kabla haujafika kwenye uzio.